Sanduku la Kufuli Mbili

Thelathini na nane.

Sista alihesabu tena, macho kwenye saa ya ukutani, vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono wa baba yake. Safari hii alihesabu dakika nzima, si nusu dakika kisha akazidisha kama alivyozoea kwa wagonjwa wengine. Thelathini na nane tena. Moyo wa mtu mzima aliyelala hupiga sitini, sabini. Huu ulikuwa unapiga kama mtu anayepanda ngazi na kupumzika kila kidato.

"Baba. Baba, unanisikia?"

"Nakusikia, mama. Usinipigie kelele."

"Umekula nini leo?"

"Chai na mkate."

"Na dawa?"

"Uliyonipa wewe asubuhi. Kwa mkono wako." Alipomaliza kusema hivyo macho yake yalihama, yakaenda darini, yakabaki huko.

Kila mtu alimjua kwa jina la Fundi Randa, kwa sababu mbao isiyopita mikononi mwake mara tatu chini ya randa hakuihesabu kuwa mbao. Asubuhi ile alikuwa nyuma ya zahanati, kwenye jengo jipya la kusubiria akina mama wajawazito wanaotoka mbali. Alikuwa ameshika ngazi, mguu mmoja juu, akasema "ngoja kidogo," akakaa chini kama mzigo uliokatika kamba. Mafundi wenzake walimleta ndani juu ya mlango aliokuwa anautengeneza mwenyewe. Mlango ule sasa ulikuwa umeegemezwa ukutani na bado ulinukia mbao mbichi.

Sista alimfunga mashine ya presha. Themanini kwa arubaini. Akafunga upya, labda kitambaa kimelegea. Sabini na nane. Akamtoboa kidole, akapima sukari. Sukari ilikuwa nzuri. Mdomo haukupinda, mikono yote miwili ilishika, miguu yote miwili ilisukuma. Basi ni nini? Miaka sita ameshinda katika chumba hiki, ameona homa, ameona majeraha, amezalisha watoto hata hesabu imempotea, na leo ambapo mgonjwa ni baba yake hajui ni nini.

"Mwite basi daktari!" alilia shangazi yake mlangoni. Shangazi alikuwa mdogo wake Fundi Randa, mwanamke wa sauti pana ambaye hata akinong'ona jirani anaitikia. "Umesimama tu! Umemfanya nini kaka yangu?"

"Shangazi, tafadhali."

"Tafadhali nini? Si wewe unayempa vidonge kila siku? Sisi wengine hata chupa yenyewe haturuhusiwi kuigusa. Sasa leo umempa nini?"

Maneno hayo yakamwingia Sista kama maji ya baridi ndani ya nguo.

Kwa sababu asubuhi ile, jamani, hakuwa ametulia. Mama mmoja alikuwa anajifungua. Sista alitoka chumba cha uzazi mbio, akafungua kabati, akatoa kidonge cha baba yake kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukitafuta glavu, akampa pale pale dirishani na bilauri ya maji. Je, alisoma lebo? Kila siku huisoma mara mbili. Leo aliisoma? Kwenye rafu ile ile kulikuwa na chupa nyingine ya vidonge vyeupe vya ukubwa ule ule. Alijaribu kuuona mkono wake ukinyanyua chupa, na kila alipojaribu, mkono ulinyanyua chupa isiyo yenyewe.

Alimwinua baba yake miguu juu ya mito, akamwekea dripu, akachukua simu. Sindano ya kuuchochea moyo ilikuwa hospitali kuu, mwendo wa saa nzima kwa gari.

"Gari," alisema simu ilipopokelewa.

"Nani?" aliuliza mwanaume wa upande wa pili.

"Baba."

"Nakuja."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Kwenye mapokezi ya nyumba ya wageni iliyo juu ya kilima kulikuwa na karatasi ambayo kila mgeni aliisoma na kutia saini kabla hajapewa ufunguo wa chumba: siku ya dharura, gari la matembezi ni la mgonjwa kwanza, na wageni watashuka popote litakapokuwa. Karatasi hiyo aliiandika Sista pamoja na huyo aliyepokea simu, mtembeza wageni ambaye watu walimwita Dira kwa kuwa hajawahi kupotea njia.

Na karatasi ile haikuanza kwa mapenzi. Ilianza kwa ugomvi. Miaka mitatu nyuma wageni walikuwa na huruma ya ovyo: gari likipita, mikono inatoka madirishani, pipi, kalamu, na dawa. Dawa! Mtoto wa miaka minne akaokota vidonge vya usingizi, akalala siku mbili. Alipofumbua macho, Sista alipanda kile kilima na sare yake, jasho linamtoka, akagonga meza ya mapokezi hadi kengele ikaanguka. Wafanyakazi wote walijificha jikoni. Mmoja tu alitoka, akasimama mbele yake, akapokea matusi yote hadi yakaisha, kisha akamuuliza, "Sasa unataka tufanyeje?"

Kutoka siku hiyo, mambo yakabadilika. Mgeni akitaka kusaidia aliulizwa kwanza zahanati inahitaji nini, si yeye anataka kutoa nini. Sehemu ya mapato ya ile nyumba ikaleta jokofu la chanjo, ikaleta maji ya bomba, na sasa lile jengo la akina mama. Dawa zilizobaki za wageni wanaoondoka zikaanza kuingia kwenye sanduku la mbao alilolitengeneza Fundi Randa mwenyewe, lenye tundu la kutumbukizia na kufuli mbili. Ufunguo mmoja kwa Dira, mmoja kwa Sista. Halikufunguka mpaka wawepo wote wawili, na hakuna kidonge kilichotoka kwa mgeni kwenda kwa mwenyeji bila kupita dirishani kwa Sista.

Walilifungua kila Ijumaa saa kumi. Ijumaa za mwanzo walimaliza kwa dakika kumi. Baadaye zikawa saa mbili, na sanduku halikuwa limeongezeka ukubwa.

Fundi Randa hakupenda. Wala shangazi. "Mbeba mabegi ya watu," alisema shangazi. "Leo yuko hapa, kesho mgeni mmoja anampandisha ndege anaondoka naye." Lakini juzi, kwa kushangaza, baba yake alikuwa amelainika. Alimwambia Sista kwamba Jumamosi atatoa jibu lake juu ya huyo kijana, na alivyolisema hilo alikuwa karibu anatabasamu. Sista alikuwa amelala siku mbili akiihesabu Jumamosi. Leo ilikuwa Alhamisi.

Gari lilifika baada ya dakika ishirini. Dira aliruka kabla halijasimama. Wageni saba alikuwa amewaacha darajani na dereva msaidizi, wamesimama juani bila hata mmoja kunung'unika, na mwanamke mmoja kati yao alikuwa ameacha mtandio wake kwenye kiti ili mgonjwa aweke kichwa.

"Shikamoo mzee," alisema Dira akiinama juu ya kitanda.

Fundi Randa alimtazama tu. Na Sista, aliyekuwa amesimama upande wa pili na chupa ya dripu mkononi, aliona kitu ambacho hakukielewa: baba yake alitikisa kichwa, kidogo sana, kushoto, kulia. Kama mtu anayemkanya mwenzake. Na uso wa Dira, uso alioujua kuliko kiganja chake, ukapauka.

"Imeanza lini?" Dira aliuliza. Sauti yake haikuwa yake.

"Leo. Nusu saa iliyopita. Njoo nje kidogo."

Walisimama kwenye ukumbi mwembamba kati ya chumba cha wagonjwa na stoo. Sista aliegemea ukuta. Alikuwa hajalia na hakutaka kulia.

"Nimemuua baba yangu," alisema.

"Usiseme hivyo."

"Nisikilize. Asubuhi nilikuwa na haraka. Nadhani nimempa kidonge kisicho chake. Sikumbuki kama nilisoma lebo. Nikifika hospitali nitawaambia hivyo, na shangazi atasimulia kila nyumba, na itakuwa kweli. Miaka sita sijakosea, leo nimekosea kwa baba yangu."

"Hukukosea."

"Hukuwepo, Dira!"

"Hukukosea wewe." Alishusha macho, akayapandisha tena, akamtazama usoni kwa namna ambayo Sista angeikumbuka kwa miaka: kama mtu anayemtazama mwenziwe kwenye dirisha la basi linaloondoka. "Ni mimi. Anakunywa dawa nyingine juu ya ile yako. Nilimpa mimi."

Mwanzoni Sista alidhani hakusikia vizuri.

"Sanduku lina kufuli mbili," alisema taratibu. "Ufunguo wangu huu hapa shingoni. Ulifunguaje?"

"Sikulifungua. Havikufika sandukuni. Unamkumbuka yule babu mgeni wa fimbo mbili? Aliondoka Jumapili. Alinipa vidonge vyake vilivyobaki nivitie sandukuni. Mzee wako alikuwa pale anarekebisha dirisha. Alikuwa amemwona yule babu, miaka sabini na minne, amepanda mlima akashuka anacheka. Akaniambia, dawa ya yule ndiyo dawa. Hii ya binti yangu ni chaki."

"Ukampa."

"Alisema ana paa la kuezeka, na wewe ukijua presha haijatulia utamkataza kupanda ngazi. Nikamwambia hapana, mzee, lazima vipite dirishani. Nikamwambia mara mbili."

"Halafu ukampa!"

"Aliniita mwanangu," alisema Dira. "Miaka miwili ananiita wewe kijana. Siku ile akasema, mwanangu, nisaidie. Nikampa. Akaniomba nisikwambie."

Sista alitamani kumpiga kofi, tena la kumfanya aone nyota. Mkono ulishapanda. Lakini mkono ule ulikuwa na kazi, na hasira yenyewe ilikuwa imechanganyika na kitu kingine kilichomtia aibu: nafuu. Si mimi. Kisha hofu ikarudi mara mbili, kwa sababu sasa hakujua baba yake amemeza nini.

"Vidonge viko wapi?"

"Alisema ataficha kwenye kopo la misumari."

Sista alikimbia. Alizunguka zahanati, akaruka rundo la mchanga, akapiga magoti chini ya ngazi na kulimimina kopo lote la misumari kwenye vumbi. Kipakti kilikuwa chini kabisa, kimefungwa kwa karatasi ya msasa. Vidonge kumi. Vitano vimetoka. Jumatatu, Jumanne, Jumatano kimoja kimoja, alihesabu moyoni, na leo viwili, kwa sababu ya ngazi. Aligeuza upande wa maandishi. Herufi zilikuwa za kigeni kabisa, hakuweza kusoma hata moja.

"Dira!"

Dira alikuwa tayari na simu sikioni. Namba ya yule babu ilikuwa kwenye daftari lake la wageni, na kwao kulikuwa bado hakujapambazuka. Simu ililia, ikalia, ikalia. Sista alisimama karibu naye hata aliweza kuusikia mlio ule, na kila mlio aliuhesabu bila kutaka. Hatimaye sauti nzito ya usingizi ikapokea. Dira aliongea kwa lugha yao, haraka, kisha akaanza kumtajia Sista herufi moja moja, naye akaziandika kwa kalamu nyuma ya kiganja.

Alipofika herufi ya saba alijua. Kilikuwa ndugu wa damu wa kidonge kile kile alichompa baba yake kila asubuhi, ila chenye nguvu mara nne.

"Muulize yeye anakunywa kiasi gani."

Dira aliuliza. Akasikiliza. Akafumba macho. "Nusu kidonge. Kwa siku."

Njiani Sista hakumsemesha. Alikaa sakafuni kwenye gari, vidole kwenye kifundo cha mkono wa baba yake, ule mtandio wa mgeni chini ya kichwa cha mgonjwa. Dira alipiga magoti upande wa pili akiinua chupa ya dripu, maana kulikuwa hakuna pa kuitundika. Shangazi alikaa mbele na dereva, na kwa mara ya kwanza tangu Sista amjue, alikuwa kimya.

Thelathini na sita.

"Baba, niongeleshe. Paa limebakia mbao ngapi?"

"Kumi na... kumi na moja."

"Utaziweka wewe?"

"Nani mwingine?" Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Alifumbua jicho moja, akalielekeza kwa Dira. "Umesema."

"Nimesema, mzee."

Fundi Randa alilifumba jicho lile, na chozi moja likamtoka upande wa sikio. Sista hakujua kama ni la hasira au la maumivu.

Thelathini na tatu. Barabara ilikuwa mbovu, gari linaruka, na kila liliporuka Sista alipoteza hesabu na kuanza upya. Alikuwa akiogopa kuanza upya. Aliogopa kwamba siku moja, dakika moja, atabonyeza pale na kusiwe na cha kuhesabu. Aliutazama mkono wa Dira ulioinua chupa. Ulikuwa unatetemeka kuanzia begani, jasho linamwagika hadi kwenye kiwiko, na hakuubadilisha, wala hakuushusha. Alimchukia. Na katikati ya kumchukia alijikuta anauombea mkono ule usichoke.

"Thelathini na mbili," alisema kwa sauti, maana ilimshinda kuibeba peke yake.

"Nimeliona geti," alisema Dira. "Nimeliona, Sista. Mhesabie tu."

Hospitalini alimsomea daktari jina kutoka nyuma ya kiganja chake, akamkabidhi kipakti, akamwambia vingapi na saa ngapi. Mlango ukafungwa usoni mwake. Huko zahanatini kwake yeye ndiye anayefunga mlango, ndugu wakibaki nje. Hakuwahi kujua mlango unavyokuwa mnene ukiwa upande huu.

Walikaa kwenye benchi la ukumbini, yeye mwisho huu, Dira mwisho ule. Shangazi alikwenda, akarudi, akakaa katikati, akainuka tena. Kila viatu vilipopita Sista alisimama. Saa ikapita. Ikapita ya pili. Daktari alipotoka hatimaye, alikuwa anafuta miwani.

"Tumempa sindano, moyo umeitikia. Hamsini na mbili," alisema. "Bado sijasema tumevuka, leo yote tunamwangalia. Lakini nikwambie kitu. Mngeniletea huyu mzee bila hilo jina, ningemtibu kama moyo uliochoka. Ningezunguka huko hadi jioni, na jioni asingeifika. Nani alijua?"

Sista alielekeza kidevu upande wa benchi.

Daktari alipoondoka, Dira alitoa kitu mfukoni, akakiweka katikati ya benchi. Ufunguo wake wa sanduku.

"Chukua zote mbili," alisema.

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Nilikuwa najiona nimeshazika, Dira. Nilishaanza kufikiri nani atamwosha."

"Najua."

"Usiniambie unajua! Watu wa huku wamejifunza kuniamini mimi dirishani, na wageni wamejifunza kukuamini wewe. Mtu wa kwanza kutupita wote ni baba yangu, na wewe ndiye uliyemfungulia njia." Alimgeukia. "Ningekuuliza Ijumaa, kama kawaida, kuna jipya? Ungesema nini?"

Dira alifikiri. "Ningedanganya," alisema. "Nilikuwa nimeshajiandaa kudanganya. Ndiyo maana chukua."

Sista aliuchukua ufunguo. Ulikuwa na joto la mfuko wake.

Shangazi alitokea mlangoni. Macho yalikuwa mekundu. "Mnaitwa," alisema. "Wote wawili. Na msimchoshe."

Fundi Randa alikuwa amelazwa karibu na dirisha, nyaya kifuani, mashine ikilia taratibu pembeni. Rangi ilikuwa imemrudi kidogo midomoni. Hakumtazama binti yake.

"Wewe kijana. Jumapili nilikuapisha nini?"

"Nisimwambie Sista."

"Malizia."

Sista aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na hofu mpya ikamshika, ambayo haikuwa na dripu wala sindano.

"Malizia, nimesema."

"Na nikisema," Dira alijibu, akitazama sakafu, "nisikanyage tena mlangoni kwako kuja kumwomba."

"Ulikumbuka hayo wakati unafungua mdomo?"

"Nilikumbuka, mzee."

"Ukaufungua hivyo hivyo."

"Alikuwa anasema amekuua yeye." Dira alipandisha mabega, kama mtu asiyejua aeleze nini zaidi. "Ningekaa vipi kimya?"

Basi ndiyo maana alimtazama vile kule ukumbini. Sista aliushika ukingo wa kitanda. Dira alikuwa akimuaga, pale pale, akijua, na yeye Sista alikuwa amenyanyua mkono ampige.

Mashine ililia, ikalia. Fundi Randa aliitazama dari ya hospitali kwa muda mrefu, akiikagua mbao kwa mbao kama kawaida yake.

"Mimi si mtu wa kulamba matapishi yangu," alisema. "Nimesema usije, basi usije."

"Baba!"

"Nyamaza, mama, sijamaliza. Kijana, una baba mdogo, yule mwenye duka la baiskeli?"

"Ninaye, mzee."

"Yeye nilimwambia asije?"

Dira aliinua uso. "Hapana, mzee."

"Haya." Alifumba macho. "Na aje akiwa ameoga, yule. Dada yangu huyu ana pua." Shangazi alifyonza, lakini hakusema neno, na kwa shangazi yule hiyo ilikuwa kama vigelegele. "Mama, nikitoka hapa dawa yangu nitaichukua dirishani. Kwenye foleni, na watu. Ukinipandisha mbele ya mtu nitarudi nyumbani."

"Na ngazi hupandi."

"Ngazi tutaongea."

"Hupandi, baba."

Mzee alitoa pumzi ndefu, akalala. Sista alikishika kifundo cha mkono wake ijapokuwa mashine ilikuwa pale inahesabu bila kuchoka. Hakuiamini mashine. Hamsini na sita. Akahesabu tena. Hamsini na saba.

Walitoka hadi ukumbini. Jua la alasiri lilikuwa limeingia hadi kwenye benchi. Dira alisimama kando, mikono imening'inia, hajui aiweke wapi. Ule ulioinua chupa ulikuwa bado hautulii. Sista aliutazama. Kisha akauchukua, akageuza kiganja juu, na kwa mazoea ya kazi akaweka vidole vitatu pale penye mshipa.

"Mia moja na ishirini," alisema baada ya kitambo. "Umekaa muda wote huo na bado mia na ishirini?"

"Naogopa."

"Nini tena? Si umemsikia?"

"Naogopa lile sanduku. Nikiligusa tena, mkono utatetemeka."

Sista aliutoa ufunguo mfukoni, akauweka katikati ya kiganja kile kilichofunguka, akakunja vidole vyake kimoja kimoja juu yake. Machozi aliyoyazuia tangu asubuhi yalikuwa yanashuka sasa, na hakuyafuta, kwa kuwa mkono wake mwingine ulikuwa umerudi kwenye mshipa.

"Kesho Ijumaa," alisema. "Saa kumi. Utetemeke hivyo hivyo."